Nyongeza za Mgonjwa wa Saba

Mgonjwa wa Saba hakuwahi kuzaliwa, lakini faili lake lilikuwa nene kuliko la wagonjwa wengi waliozaliwa. Ukurasa wa kwanza ulisema ni mjane wa miaka hamsini na miwili, mshona nguo, anaumwa kichwa upande wa kushoto tangu wiki mbili zilizopita, na maumivu huzidi asubuhi. Basi. Kurasa nyingine zote, na zilikaribia mia mbili, ziliingia baadaye moja moja, kama vumbi linavyoingia nyumba isiyofagiliwa.

Chuo cha udaktari kilimtumia kuwafunza wanafunzi kabla hawajakabidhiwa watu wa kweli. Mwanafunzi anabisha hodi, anamkuta mama ameketi ameshika kichwa, anamhoji, anampima, anatoka jasho likimtiririka. Mama mwenyewe haumwi kitu. Ni mwigizaji, amekunywa chai yake vizuri asubuhi. Na kwa kuwa wanafunzi walikuwa wengi, Mgonjwa wa Saba aliigizwa na wanawake wawili katika vyumba viwili vilivyopakana, wote wakiugua kichwa kimoja saa ile ile. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mama Chiriku. Cha pili kilikuwa cha Bi Taratibu, mwanamke mpole aliyepewa jina hilo kwa sababu hata kifuniko cha kalamu alikifungua kama anayeogopa kukiumiza. Hakuwa na mume wala mtoto, na hakuna aliyewahi kumsikia akinung'unika.

Kazi yao ilikuwa na sheria moja ngumu. Mwanafunzi alikuwa na haki ya kuuliza lolote, na mgonjwa hakuruhusiwa kusema hajui, kwa maana mtu hujua habari zake mwenyewe. Kama jibu halimo kwenye faili, mwigizaji alitakiwa kulitunga papo hapo bila kupepesa macho. Kisha, kabla hajaenda nyumbani, aliandika jibu hilo kwenye karatasi ya nyongeza, akatia jina lake, na mwenzake akalisoma mpaka akalihifadhi moyoni. Hivyo ndivyo vyumba viwili vilivyobaki na mgonjwa mmoja.

Mtunza faili alikuwa mzee aliyestaafu kufundisha fasihi, na wote walimwita Mwalimu Nyongeza. Alimpenda Mgonjwa wa Saba kuliko alivyowapenda jamaa zake wengi. Alisema mhusika asiye na jana hana leo, na kila karatasi mpya aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayeletewa barua kutoka mbali.

Sasa watu hudhani kutunga ni rahisi. Jaribu wewe. Mtu akikuuliza ghafla ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiogopa nini, akili haikimbilii kubuni. Inakimbilia nyumbani kwenu. Mama Chiriku alikuwa mwigizaji hodari, lakini naye alikuwa binadamu, na mara kwa mara alimwazima yule mgonjwa kitu chake kidogo.

Cha kwanza kilikuwa kovu. Mwanafunzi mmoja mwenye macho makali aliliona kwenye ugoko wake akauliza limetoka wapi, naye akasema ukweli: akiwa na miaka mitano alijimwagia birika la chai. Akaliandika kwenye nyongeza. Wiki mbili baadaye, akijipaka mafuta asubuhi, mkono wake ulipita kwenye ugoko bila kukwama popote. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto. Akageuza mguu mwingine, pengine amesahau upande. Nako hakuna kitu. Siku hiyo hiyo, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Bi Taratibu aliinua sketi kufunga kiatu, na kovu lilikuwa kwenye ugoko wake.

"Hilo umelipata wapi?" Mama Chiriku akamuuliza.

"Birika la chai," akasema Bi Taratibu. "Nilikuwa na miaka mitano. Hujawahi kuliona siku zote hizi?"

Cha pili kilikuwa baba yake. Alimwambia mwanafunzi kwamba baba yake alikuwa fundi saa, akipiga mluzi kwa meno huku akitafuta skrubu zilizoanguka chini ya meza. Mwezi uliofuata alizungumza na dada yake kwa simu, akamtajia saa za baba, na dada akacheka akamwambia aache kuchanganya mambo, baba yao alikuwa karani wa posta maisha yake yote. Mama Chiriku akakata simu, akakaa. Ule mluzi, ambao alikuwa akiusikia kichwani kila alipoona saa ya ukutani, aliutafuta asiupate. Kesho yake aliusikia korido nzima. Bi Taratibu alikuwa akining'iniza koti lake huku akipiga mluzi kwa meno.

Cha tatu kilikuwa hofu yake ya paka, na kusema kweli hicho hakukililia. Paka wa jirani alianza kulala mapajani mwake, huku Bi Taratibu akiruka juu ya kiti kila paka wa jikoni kwa wapishi alipopita.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba mwenzake amemwibia mguu? Mdomo ukiponza kichwa hakuna wa kukufunga bendeji. Alichofanya ni kujiwekea mpaka: tangu siku hiyo alitunga kavu, uongo mtupu, na juu ya yote hakuwahi kumtaja binti yake. Chiriku alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, asiyenyamaza, na ndiye aliyekuwa mali yake yote hapa duniani. Hata jina ambalo watu walimwita, mama huyu alilipata kwa mtoto huyo. Kovu liende, baba aende, lakini si huyo.

Kisha Mwalimu Nyongeza akaja na wazo. Chuo kilitaka mtihani mpya, wa kuwapima wanafunzi namna ya kuzungumza na mtu aliyefiwa. Mpaka hapo Mgonjwa wa Saba hakuwa na watoto. Mzee alitaka apewe mmoja, aliyekwisha kufa. Aliwapa siku nne wakamfikirie, wakutane Ijumaa. Akawaambia wasione haya kutumia vya kwao, kwa sababu uongo usiotiwa ukweli kidogo hauivi.

Mama Chiriku aliwaza. Mtoto aliyekufa. Kama angeteleza, kama lingemtoka neno moja tu la nyumbani kwake, nini kingempata msichana wake? Jumatano mchana, vyumba vikiwa vitupu, aliomba ufunguo wa stoo ya mafaili kwa kisingizio cha kujiandaa. Alitaka kuzitafuta nyongeza zake zote za zamani na kuzifuta. Huenda vitu vingerudi, na huenda mlango wenyewe ungefungika kabla ya Ijumaa.

Stoo ilikuwa chini ya ngazi, na kila mtu aliyepanda alisikika akikanyaga juu ya kichwa chake. Aliketi juu ya boksi, akafungua faili mapajani. Kovu alilipata, akalipiga mstari, akapapasa ugoko. Bado laini. Saa alizipata, akazipiga mstari, akasubiri mluzi. Hakuna. Akaendelea kufungua, akirudi nyuma mwaka hadi mwaka, mpaka karatasi zikaanza kuwa za manjano.

Karatasi ile ilikuwa na miaka kumi. Aliisoma kwanza kwa tabasamu, maana aliyeelezwa humo alimjua.

"Mwanafunzi aliuliza kama nina watoto. Nilisema ninaye mmoja, binti wa miaka tisa. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Ana alama nyeusi kama punje ya kunde nyuma ya sikio. Halali mpaka avae soksi mguu mmoja. Ukimchana nywele anzia kisogoni. Ukianzia mbele atapiga kelele mpaka majirani waje."

Chini yake Mwalimu Nyongeza alikuwa ameandika: "Imepokelewa. Chumba cha kwanza ajifunze." Na pembeni, kwa wino mwingine, wa miezi kadhaa baadaye: "Mtoto aondolewe. Mgonjwa awe mpweke, inafaa zaidi."

Kwa hiyo aliwahi kuteleza, akawaza, na Mungu akamnusuru. Ndipo akaona mwandiko. Herufi zilikuwa za mviringo, zimeandikwa polepole, na juu ya kila i palikuwa na kiduara kidogo badala ya nukta. Yeye hakuandika hivyo hata siku moja. Akashusha jicho mpaka mwisho wa karatasi, kwenye jina la mwandikaji.

"Aliyeongeza: Mama Chiriku, chumba cha pili."

Yeye hakuwahi kukaa chumba cha pili.

Mtu aliyekuwa anapanda ngazi alifika juu, na pakawa kimya. Mama Chiriku alianza kutafuta kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni huku mvua inanyesha. Picha. Picha ya zamani kabisa ya binti yake pale nyumbani ilikuwa ya msichana wa miaka tisa aliyevaa sare. Za utotoni ziliharibiwa na maji bati lilipovuja. Ndivyo alivyowaambia watu siku zote. Lakini lilivuja chumba gani? Nani alipanda kuliziba? Akatafuta siku ya kuzaliwa kwa Chiriku. Hiyo ilikuwapo: kitanda cha baridi, mkunga mwenye viatu vinavyolia, mtoto akiinuliwa kwa miguu. Akajaribu kugeuza shingo ndani ya kumbukumbu ile aone dirisha, aone nani amesimama mlangoni, na hakuona kitu. Ilikuwa na maneno yale yale tu, kama jibu lililohifadhiwa kwa ajili ya mtihani. Na kabla ya kuitwa Mama Chiriku, watu walikuwa wakimwita nani?

Miaka yote hiyo alikuwa amehesabu vilivyomtoka. Hakuwahi kuhesabu vilivyoingia.

Aliogopa, na niseme wazi, hakuogopa mizimu. Aliogopa haki. Alijua la kufanya: achukue karatasi mpya, aandike habari za Chiriku kwa mkono wake, atie jina lake, ampe mwenzake asome. Kama kovu lilivyokwenda, msichana angerudi kwa mwenyewe. Badala yake aliichomoa karatasi ile kwenye faili, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

Jioni Chiriku alikuwa akiosha vyombo na kusimulia ugomvi wa watu wawili asiowajua hata kidogo, akiwaigiza sauti wote. Mama yake alisimama nyuma yake akatazama sikio. Punje ya kunde ilikuwapo. Baadaye akapita chumbani kwake akamkuta amejilaza anasoma, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna.

"Mama, mbona unaniangalia hivyo?" akauliza msichana. "Kama unanidai."

Akamwambia alale. Mwizi ni yule anayechukua akijua, alijiambia, na mimi sikujua. Hoja ilikuwa nzuri, ila ilikuwa imechelewa saa chache.

Ijumaa waliketi watatu, Mwalimu Nyongeza katikati na kalamu yake imefunguliwa. Akasema aanze Bi Taratibu. Bi Taratibu alikunjua karatasi, akaikunja tena, akasema ameshindwa. Alijaribu siku zote nne.

"Mimi sijazaa, mnajua," akasema. "Lakini kila nikikaa kumtunga huyo mtoto, namkuta amekwisha kuja, amelala, ana soksi mguu mmoja. Mmoja tu. Nafuta, naanza upya, namkuta tena." Akamgeukia mwenzake. "Wewe ni mama, niambie. Kuna mtoto hulala na soksi moja?"

Mwalimu Nyongeza akainua kalamu. Karatasi kifuani mwa Mama Chiriku ilikuwa imepata joto la mwili wake, na alihisi kila pembe yake. Neno moja lingetosha.

"Hakuna," akasema. "Watoto huvua zote mbili."

"Basi nimekosea," akasema Bi Taratibu, akachora mstari taratibu juu ya maneno yake.

Na Mama Chiriku, ili asiachie nafasi swali jingine kuingia, akaanza kusema. Alimtunga mvulana. Alimtunga kavu, kila kitu kinyume na msichana wake, na hakuwahi kutunga vizuri namna ile. Miaka sita. Mnyamavu. Huvaa viatu kinyume, cha kushoto mguu wa kulia, na ukimrekebisha anasubiri ugeuke kisha anavibadilisha. Huhesabu nondo za dirisha na kila mara anaruka nne. Alipata homa siku tatu. Siku ya nne asubuhi mama yake alitoka chumbani kidogo tu, kubadilisha maji ya kitambaa cha kumkanda, na aliporudi mtoto amekwisha kwenda.

Mzee alikuwa akiandika huku akifuta miwani. Akasema mtoto huyu anapumua kabisa. Akaongeza la kwake, kwamba iwe imetimia miaka mitatu siku ile ile ya mtihani, Jumatatu, ili wanafunzi wakute kidonda kibichi. Bi Taratibu alipewa nakala akahifadhi nyumbani. Mama Chiriku alirudi kwake mwepesi. Alikuwa ameokoa mwanawe na hakutoa chochote chake. Uongo mtupu haumpunguzii mtu kitu.

Jumatatu Bi Taratibu alichelewa, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa sababu wenye kwenda polepole huanza safari mapema. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo macho yamevimba, akaketi, akaweka mfuko wa plastiki mapajani. Ndani yake mlikuwa na viatu viwili vidogo vya ngozi. Soli zake zilikuwa zimelika vibaya, upande usiolika kwa watoto wengine.

"Siwezi kuviacha nyumbani siku kama ya leo," akasema.

Mama Chiriku alidhani mwenzake ameanza kuigiza mapema, ajipashe joto. Akamsifu, akamwambia amejifunza vizuri sana.

"Nimejifunza nini?" akauliza Bi Taratibu.

Alikitoa kiatu kimoja, akapitisha kidole gumba ndani yake.

"Nilitoka kidogo tu," akasema. "Kubadilisha maji. Hata dakika mbili hazikupita, Mama Chiriku. Miaka mitatu sasa najiuliza kwa nini sikuyaacha yale yale, maji bado yalikuwa ya baridi."

Mtihani ulianza saa tatu. Chumba cha kwanza Mama Chiriku alisema maneno yake yote kwa mpangilio, na wanafunzi wakampa pole wakaandika. Kupitia ukutani alisikia cha pili. Hakukuwa na kelele. Bi Taratibu hakuwa mtu wa kelele. Lakini kila mwanafunzi aliyetoka kule alisimama koridoni kwanza, uso ukutani, kabla ya kuendelea na safari yake, na mtahini mmoja alitoka nje kupunga upepo asirudi mpaka mwisho.

Saa nane ziligawiwa karatasi za nyongeza. Mama Chiriku alikaa nayo mbele yake muda mrefu. Karatasi ya zamani ilikuwa bado kifuani, na kalamu ilikuwa mkononi. Yule mvulana asingeweza kuondoka tena. Alimjua Mgonjwa wa Saba vya kutosha kujua kwamba kilichohifadhiwa hakifutiki kwa mstari. Lakini angeweza kumpa mama yule mtoto mwingine aliye hai wa kumfuta machozi, na mtoto huyo alikuwa wake tangu mwanzo. Mistari minne tu. Aliandika: "Mwanafunzi aliuliza kama". Mkono ukasimama. Akayakata maneno hayo, akaandika "Hakuna nyongeza," akatia jina lake, lile jina.

Chiriku alikuwa akimsubiri langoni, kama alivyopenda kufanya siku za mtihani. Kwa ndani ya uzio Bi Taratibu alikuwa ameketi kwenye benchi peke yake, mfuko mapajani.

"Mama mdogo ana nini?" akauliza msichana. "Analia."

"Amefiwa."

"Na nani?"

"Mtoto."

"Mbona mlisema hana mtoto?"

"Alikuwa naye," akasema mama yake.

Chiriku akasema haiwezekani wampite tu, akamsalimie walau dakika moja, amshike mkono. Akageuka kuingia ndani. Bi Taratibu aliinua uso akamwona, na midomo yake ikafunguka kidogo, kama mtu ambaye jina limemfika ulimini. Mama Chiriku akamdaka msichana mkono juu ya kiwiko, akamvuta mpaka barabarani, akaanza kutembea kwa kasi bila kutazama nyuma.

"Mama, unaniumiza," Chiriku akasema.

Alijua anamuumiza. Hakulegeza mkono mpaka walipofika nyumbani.